Kengele Iliyolia Kabla ya Jua Kuchwa

Mwanangu Salome,

Nakusalimu ingawa uko hapa hapa, upande wa pili wa pazia la kanga, na nakusikia unavyokoroma. Siku zote unakana kwamba hukoromi. Basi leo nimeandika, na huwezi kubishana na maandishi.

Baba yako naye amelala kwa namna yake ya siku hizi, ameegemea ukuta na mto mgongoni, maana akilala chali pumzi inamkatika. Kikapu chako kiko mlangoni. Bi Zena amekwisha kusema na mwanawe Omari. Mtumbwi utakuja alfajiri maji yakijaa, akuvushe mpaka upande wa Ruaruke, na kutoka hapo utafuatana na wachuuzi wa samaki mpaka Kibiti, ukapande lori la mpunga liendalo Dar es Salaam. Mawingu tumeyaona sote leo. Masika yakishuka barabara itafungwa, na wale wa shule ya uuguzi hawatakungoja mpaka ikauke. Kama ni kwenda, ni kesho.

Mambo ya kunawa mikono, ya kufunga mlango na ya wanaume wa mjini wanaomchekea kila msichana sitayaandika. Nimeyasema mpaka juzi ukaniambia, "Mama, hata kuku wameshayashika." Nilicheka, lakini iliniuma kidogo. Nilikuwa nasema hayo kwa sababu kuna jambo jingine ambalo sikutaka kulisema.

Nalisema sasa. Juma lililopita ulisimama hapo jikoni ukatuambia huondoki mpaka sisi tuahidi kurudi nyumbani Uzaramo, kwa kaka yako Petro, mara masika yakiisha. Baba yako akakuambia, "Tutarudi, mama." Mimi nikaitikia kwa kichwa. Si kweli, Salome. Haturudi. Tumekubali kukaa hapa kipindi kingine, na tulikuwa tumekwisha kukubali siku ile tulipokuahidi.

Ukiwa umeanza kukasirika, usimkasirikie baba yako. Yeye alikataa kukudanganya. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamsihi aseme hivyo, ili wewe uende. Barua hii nilitaka kuiweka chini kabisa ya kikapu, chini ya gauni lako la Jumapili, uikute ukiwa umekwisha kufika na masika yamekwisha kufunga njia nyuma yako. Nilikuwa hata nimechagua gauni la kuifungia. Halafu nikakaa kuiandika, na kila ninavyoandika naona mpango huu naufahamu. Umewahi kufanywa juu yangu mimi.

Wewe unajua kwamba baba yako na mimi tulijitolea kuja huku. Ndivyo watu wote wa kwetu wanavyosema. Aliyejitolea ni yeye. Ilikuwa Jumapili, baada ya mahubiri. Mchungaji akasema kanisa linatafuta wazee, mke na mume, ambao watoto wao wamekua na nguvu bado wanazo kidogo, wakakae kwenye vituo vidogo visivyo na mtu. Wawalee Wakristo waliotawanyika, watazame wagonjwa, wafundishe kusoma. Mshahara hakuna, ushirika utawasaidia chakula na nguo. Kila mtu akatazama miguu yake. Mimi nilikuwa natazama ya jirani yangu, maana alivaa viatu vipya. Mara nikasikia sauti ninayoijua, kutoka upande wa wanaume, ikisema, "Mimi na Mama Petro tupo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, mbali naye, hata kumvuta koti nisingeweza. Watu wote wakanigeukia kuona nilivyofurahi, nikalazimika kufurahi. Nakumbuka meno yangu yalikauka kwa kutabasamu.

Na wewe ulikuwa shule ya bweni wakati ule, hukuona nyumba yetu ilivyokuwa. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeezeka bati. Mke wa Petro alikuwa mjamzito, mjukuu wetu wa kwanza, na nilikuwa nimekwisha kumshonea mto mdogo wa kulalia. Uzee wangu nilikuwa nimekwisha kuupangia mahali pa kukaa, barazani, na mtoto mapajani. Tulipokuwa tunarudi nyumbani baba yako akaniuliza, "Umefurahi, mama?" Nikamjibu, "Sawa."

Hilo ndilo neno nililokuja nalo huku. Nguo nilizokuja nazo zimechakaa zote, lakini neno hilo nililitumia kila siku na halikuisha. Chumvi imezidi? Sawa. Tuhamishe kitanda? Sawa. Sikuwahi kumpigia kelele hata siku moja, na wale waliotuona walisema, tazameni wazee wanavyopendana. Nilijiona mvumilivu. Kumbe nilikuwa namtoza.

Hakuna aliyetuonya kwamba wazee wakitumwa, kazi ya kwanza ni kuonana. Kwetu baba yako alikuwa na karakana yake ya useremala, tukiagana asubuhi tunakutana kwenye sahani. Huku nyumba ni vyumba viwili na jiko, na kila ninapogeuka namkuta. Akaanza kunifundisha kuwasha moto kwa kuni za mikoko. Mimi, niliyempikia tangu ana nywele! Akaanza kunieleza namna ya kukamua nazi. Nikagundua pia kwamba anapiga mluzi wa nyimbo za kanisa kupitia pengo lake la jino kutoka asubuhi mpaka jioni, na kwamba pengine alikuwa akiupiga miaka yote ile, ila karakana ndiyo iliyokuwa inausikia.

Na kazi yenyewe hatukuijua. Wenyeji hawa, wavuvi na wakata boriti, ni Waislamu watupu na hawakutuita. Waliotuhitaji ni wale vijana wa bara waliokuja kukata boriti na wanaolala makambini huko ndani ya mikoko, na baadhi yao ndio Wakristo. Baba yako akatundika kwenye mti ile rimu ya gurudumu la lori aliyowabebesha watu kutoka Kibiti, ndiyo kengele. Akatoa saa yake ya mfukoni, ile waliyompa misheni alipostaafu, akasema ibada ni saa tatu. Jumapili ya kwanza wakaja. Jumapili ya pili saa tatu ilikuta maji yamekupwa, mitumbwi imelala kwenye tope, na vijana wako huko makambini wanasikia kengele na hawawezi kuja. Baba yako alinihubiria mimi na kuku mmoja. Mimi nilisema Amina, kuku alitoka kabla ya baraka.

Bi Zena ndiye aliyenieleza. Alikuwa ameleta samaki, akanikuta napangusa benchi tupu. "Mwenzangu," akasema, "mumeo anagonga chuma maji yakiwa nje. Nani atakuja, kaa?" Akanionyesha namna ya kujua siku ambazo maji yatajaa asubuhi na siku ambazo yatajaa mchana. Ilikuwa jambo dogo la kumwambia baba yako wakati wa chakula. Sikumwambia. Nilimwacha agonge chuma chake Jumapili baada ya Jumapili, aone. Mwisho alielewa mwenyewe, na siku hizi unajua ibada yetu inafuata maji, lakini alikonda kwa aibu wakati ule, nami nilimpakulia chakula nikamtazama anakonda.

Sasa nakuja kwenye kisa cha Ramadhani, ambacho wewe umekisikia kwa baba yako kama kichekesho. Yeye anakisimulia hivi: saa yangu ilikuwa mbovu, nikawafuturisha watu mchana, Mwalimu Athumani wa msikitini akanikemea, tukawa marafiki. Ananisitiri. Hajawahi kumwambia mtu kwamba mimi nilikuwapo.

Ilikuwa masika, mwaka wetu wa kwanza. Unavyojua, wakati huo wanawake wengi wako mashambani, juu ya madungu, vile vibanda vya juu ya miti wanamolala kulinda mpunga usiliwe na nguruwe na viboko. Huko adhana haifiki. Kwa hiyo kila jioni ya mwaka, jua likichwa, msikitini hupigwa ngoma, na wakati wa Ramadhani wakiisikia wanafuturu. Lakini mvua zilikuwa nyingi mno mwaka ule na ngozi ya ngoma ikalowa ikawa hailii. Asubuhi ya siku ile Bi Zena alinipigia kelele kutoka mtumbwini akielekea shamba, "Ngoma imekufa! Tangu jana Mwalimu anagonga chuma, kama nyie!" Tukacheka. Baba yako alikuwa nyuma ya nyumba, hakusikia. Nami sikumwambia, maana nilikuwa simwambii kitu.

Saa yake nayo ilikuwa imeingia maji na inakwenda mbele. Hilo pia nilikuwa nalijua, kwa kuku. Kuku huingia bandani kabla jua halijachwa, hata kama kuna wingu, nami nilikuwa naona kila siku kengele ya sala ya jioni inazidi kuwatangulia. Siku ile mvua ilinyesha tangu adhuhuri na jua halikuonekana kabisa. Baba yako akatoka na saa mkononi. Akaitazama, akatazama mbingu, akasita. Akaniuliza, "Mama Petro, wakati umefika kweli?"

Aliniuliza, Salome. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili ya vigelegele alikuwa ananiuliza. Nikatazama kuku. Walikuwa bado wanachakura chini ya mpapai, hawana habari ya kulala. Nikasema, "Sawa."

Akagonga. Ile rimu inalia vizuri kwenye mvua, unaijua. Tukaingia tukasali sala ya jioni, mimi na yeye na vijana wawili wa kambini. Tulipokuwa tunaimba wimbo wa mwisho nikasikia chuma cha msikitini kwa mbali, upande wa pili wa mto. Nikaacha kuimba. Baba yako akaendelea kuimba peke yake kwa furaha.

Kesho yake Mwalimu Athumani alivuka na wazee wawili. Unavyomjua, hapandishi sauti. Alikataa kiti, akasimama uani na nguo zake zimelowa. "Mzee Yosia," akasema, "hatukuja kugombana. Tumekuja kukuuliza. Hiyo saa yako inafuata jua la wapi?"

Baba yako hakuelewa. Wakamweleza. Wanawake waliokuwa madunguni wamesikia chuma, wamekula, wameshukuru Mungu, halafu wakasikia chuma cha pili. Siku yao imeharibika na itabidi wailipe. Kuna watu wanasema amefanya makusudi, amekuja kuwavunjia dini yao, na kuna wanaotaka waende bomani Utete kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, atuondoe. Nilikuwa nyuma ya mlango na sufuria mkononi. Nilimwona baba yako anavua kofia. Akasema, "Nimekosa mimi. Nionyesheni madungu yako wapi, niende." Hakusema, "Nilimuuliza mke wangu." Pengine hata hakufikiri hivyo. Aliniamini, ndiyo maana alikuwa ameniuliza.

Alikwenda dungu baada ya dungu, kwenye matope ya mpunga, akisimama chini na kupiga hodi juu, na kuomba radhi kwa watu ambao hakuwajua. Wengine walicheka. Bibi mmoja alimgeuzia mgongo mpaka alipoondoka. Alirudi jioni, nikamwosha miguu, na hata hapo sikusema.

Bi Zena alikuja baada ya siku chache, bado na hasira nusu na kicheko nusu. "Nyie watu mlikuwa na haraka gani ya kuniona nakula? Njaa yangu ya kutwa nzima mmeitupa mtoni!" Ndipo nikapasuka. Nikamweleza kuku, saa, ngoma, Jumapili ya kwetu, bati, mto wa mjukuu, vyote kwa mkupuo. Aliacha kucheka. Akanitazama sana. "Kwa hiyo miye," akasema, "nalipa siku ya Mungu kwa sababu weye umenuniana na mumeo?" Nikasema ndiyo. Akainuka akajifunga kanga. "Basi usiniambie miye. Kamwambie mwenye saa."

Nikaenda. Baba yako alikuwa anatengeneza benchi. Nilipomaliza kusema aliweka randa chini, akakaa juu ya benchi ambalo halijapigwa misumari, likamwangusha. Ningecheka siku nyingine. Akabaki hapo hapo chini akaniuliza, "Na mengine uliyoyanyamazia ni yapi?"

Nikamwambia mengine. Chai ilipoa, nikachemsha nyingine, nayo ikapoa. Nilipofika kwenye ile Jumapili nikamuuliza kwa nini hakuniuliza kwanza, nyumbani, kama mtu na mkewe. Akasema, "Ningekuuliza ungekataa." Nikasema, "Ndiyo, ningekataa." Akasema, "Basi ndiyo maana sikukuuliza."

Maneno hayo yameniumiza kuliko vigelegele vyote. Kwa muda mrefu niliyaona maneno ya mtu mbinafsi. Juma lililopita nimemwambia baba yako maneno hayo hayo juu yako. Alisema, "Mwambie Salome ukweli." Nikamwambia, "Nikimwambia atakataa kwenda." Akasema, "Tena, Mama Petro?" Nikamshika mkono, nikamsihi. Akakubali kwa sababu ananiogopa nikinyamaza. Tangu siku ile hajapiga mluzi. Umeona? Ulidhani ni kifua.

Nikuambie basi jinsi tulivyokubali kukaa, usije ukadhani tena mama yako amebebwa kama furushi. Mchungaji alituma ujumbe kwamba hawajapata wazee wengine wa kushika mahali petu, na kwamba tuko huru kurudi. Baba yako alikuja jikoni, akakaa kwenye kinu. "Nakuuliza," akasema. "Ukikataa tunarudi, na sitanuna." Nikamwambia atanuna. Akasema atajitahidi. Nikaomba siku ya kufikiri, naye akanipa, hakunisogelea hata kunieleza habari za moto.

Nilifikiri juu ya bati langu na baraza langu. Nilifikiri juu ya mjukuu ambaye nimemshika mara moja tu, na aliniogopa akalia. Hilo linaniuma hata sasa na sitaki ulidharau. Lakini nilifikiri pia juu ya wale vijana wanaokuja na majeraha ya mashoka, wanakaa hapo kizingitini wanasema "Shikamoo mama" kwa sauti ya watoto. Na nilikumbuka siku ile, baada ya Idi, Bi Zena alipolipa funga yake, jinsi nilivyofunga pamoja naye kutwa nzima, mimi Mkristo, kwa aibu yangu tu. Tulipalilia mpunga wake. Jua lilipokuwa linachwa alinikataza kugusa uji mpaka tusikie ngoma, ambayo sasa ilikuwa imewambwa ngozi mpya, tukakaa wawili tumeinamia bakuli, tunasikiliza. Baba yako naye alikuwa ng'ambo, kando ya rimu yake, anasikiliza ngoma hiyo hiyo, na mpaka leo hagongi kabla ya Mwalimu. Nilikuwa sijawahi kuwa na rafiki wa namna hiyo, na nilimpata uzeeni, mahali nilipoletwa bila kuulizwa. Kesho yake nikamwambia baba yako ndiyo. Nilisema ndiyo, sikusema sawa.

Sasa mabaya, uyajue yote. Baba yako anaumwa kuliko anavyokuonyesha. Ukienda kuteka maji ndipo anapokaa chini. Miguu haipungui uvimbe hata akiinyanyua. Siku ile alipoanguka kwenye tope ukamvuta, alikuwa ameanguka mara nyingine kabla yake na tukakuficha. Nimemuuliza wazi kama anataka kufia huku. Akasema anapenda azikwe kwao, ila hataki kwenda kwao kukaa kungojea kuzikwa. Yakitokea wakati wa masika, habari zitakufikia kwa kuchelewa na hutawahi. Sitakudanganya kwamba utawahi. Omari ameahidi kumbeba akihitaji kubebwa. Mjukuu wa Bi Zena atatuletea maji. Mwalimu Athumani anapita kila jioni akitoka shamba, anasema amekuja kuangalia kama saa bado ni mgonjwa, lakini anamtazama baba yako. Kama haya yanatosha sijui. Usiku mwingine naona yanatosha, na usiku mwingine naamka nikisikiliza kama anapumua, na nikimsikia natoa shukrani na kulala tena na woga wangu.

Nakuogopea na wewe pia. Wakati wote huu nimejifanya naogopa lori na wanaume. Ninachoogopa hasa ni kidevu chako, maana ni changu. Nimekuona ukionewa na ukainua kidevu hicho na kunyamaza. Huko hospitali kuna mabibi wakubwa watakaokuamrisha, wengine kwa haki na wengine bila haki, na kuna siku utaona mtu anakosea na mgonjwa yuko kitandani, na utakuwa na hasira na huyo anayekosea, naye atakuuliza, "Wakati umefika?" Sisemi zaidi. Kisa umekisikia.

Kuna jambo moja lililonikosesha usingizi leo, nalo ndilo lililonitoa kitandani. Baba yako aliposema, "Tutarudi, mama," ulimtazama yeye, kisha ukanitazama mimi kwa muda, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Ukasema, "Sawa." Ukaanza kufunga kikapu.

Nimelisikia neno hilo kila siku tangu hapo. Ninalijua kuliko mtu yeyote, nimelivaa miaka. Nadhani umejua kwamba tunakudanganya, Salome. Nadhani unakwenda umejua, na umenyamaza, na utafika huko na kuanza kututoza mmoja mmoja, kwa barua fupi na salamu nzuri. Baba yako atafurahi kuzipokea, na mimi nitajua.

Kwa hiyo barua hii haiingii chini ya gauni. Kabla hujaamka nitamwambia baba yako nilichofanya. Nitakupa mkononi pale mtumbwini, na Omari nitamwomba akungoje mpaka umalize, hata maji yakianza kurudi. Atanung'unika, lakini atangoja.

Ukiamua kubaki, nitabeba kikapu chako mwenyewe kukirudisha ndani. Nitakasirika, na nitakuambia kwamba nimekasirika, na nafasi yako itakwenda kwa msichana mwingine, na mimi na wewe tutalijua hilo kila siku tukiteka maji. Ukiamua kwenda, nitalia mbele ya watu wote, na wewe utakwenda ukijua ni nini unachokiacha, na kama ukisikia msiba ukiwa huko hutajiuliza kama uliibiwa njia ya kurudi. Mimi nataka uende. Nalisema wazi ili usije ukalitafuta katikati ya maneno. Nataka uende na naogopa uende, yote mawili kwa nguvu moja. Lakini sikuombi unifurahishe. Nilikwisha kufurahishwa mara moja kanisani.

Bila shaka unasoma haya umesimama na matope yamekufika vifundoni, na Omari anajifanya anatazama pengine. Baba yako yuko mlangoni, ameegemea mhimili, hawezi kufika mpaka hapa. Mimi nipo karibu yako, nimeshika ncha ya kanga yangu. Nakuuliza, mwanangu, kama nilivyopaswa kuulizwa. Inua uso uniambie, na lolote utakalosema, usiseme sawa.

Mama yako,
Damari